Ini la Mama na Urithi wa Mtoto: Jambo Tulilolinyamazia





Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya nasaba yetu, kwa sababu mnajua kwamba kabla sijahamia nchi hii nilikuwa karani wa serikali, na kazi yangu ilikuwa kuandikisha vizazi na vifo. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa, naye amenikubalia, nisisome majina yale mnayoyaona katika mti wa nasaba uliotundikwa ukutani. Leo nitazungumza juu ya wale ambao majina yao hayamo: watoto wa ukoo huu waliokufa kabla ya kuota meno, na mama zao waliougua kwa kuwabeba.

Mimi si daktari. Niliyojifunza nimejifunza kwa kuuliza, na maneno haya nimempa kwanza mmoja wa wanetu aliye daktari, akayasoma na kuyasahihisha.

Wazee wangu, wengi wenu mnakumbuka ndoa ya mdogo wangu na binti ami yetu. Mwaka 1984 shemeji yangu alikuwa mja mzito wa miezi minane. Akaanza kutapika upya, kama mwenye mimba changa. Hakuna chakula kilichokaa tumboni. Akalalamika maumivu chini ya chembe cha moyo, na kiu isiyokatika. Mtungi wa maji uliwekwa karibu na kitanda chake. Siku ya nne macho yakawa manjano. Alijifungua binti, akatoka damu nyingi, akalala hospitali wiki tatu, kisha Mwenyezi Mungu akamponya. Mtoto alikuwa mzuri, amenona. Alipofika miezi mitano alipata homa ndogo, akakataa ziwa, akalala usiku kucha. Alfajiri walimkuta amelegea, jasho limemtoka, na kabla ya jua kupanda alikuwa amefariki.

Mwaka 1986 mambo yakawa yale yale. Kutapika, kiu, manjano. Mara hii alizaliwa mwana wa kiume, naye hakumaliza siku tatu.

Vifo vyote viwili niliviandika mimi mwenyewe katika daftari la afisi. Mahali pa sababu ya kifo niliandika neno moja: homa. Sikuwa na jingine la kuandika.

Lakini watu walikuwa na la kusema. Palisemwa jicho. Palisemwa kwamba alikula alichokatazwa. Mwishowe likatamkwa neno lililo baya kuliko yote, kwamba binti yule ana nuksi. Wazee wa wakati ule walikaa, nami nilikuwa miongoni mwa waliokaa, na ikaamuliwa kwamba aachwe. Mdogo wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, hakuwa na ubavu wa kuwakatalia. Na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, barua ya talaka niliiandika mimi, na mimi ndiye niliyeipeleka kwao. Nitalirudia jambo hili kabla sijaketi.

Yule bibi aliolewa tena na mtu wa mbali, asiye wa ukoo wetu, akazaa watoto wanne salama. Hakuna aliyeona manjano, hakuna mtoto aliyekufa. Sisi tukasema nuksi imemtoka. Mdogo wangu naye alioa nje ya ukoo, akapata watoto wazima. Ishara ilikuwa mbele ya macho yetu, nasi hatukuweza kuisoma.

Sasa nije kwenye elimu yenyewe, nami nitajaribu kuieleza kwa lugha ya nyumbani.

Mwili wa binadamu huishi kwa kuni za namna mbili. Ya kwanza ni sukari, ambayo huwaka upesi na kwisha upesi. Ya pili ni mafuta, ambayo ndiyo akiba. Mtu akifunga, au akiugua asiweze kula, sukari ikipungua mwili hufungua ghala la mafuta. Lakini mafuta hayawaki kwa mkupuo. Hukatwakatwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina mfanyakazi wake, ambaye wataalamu humwita kimeng'enya. Mmoja wa hao hushughulikia mafuta ya mnyororo mrefu, na jina lake kwa kifupi ni LCHAD. Mtoto aliyezaliwa bila kimeng'enya hiki kikifanya kazi huonekana mzima maadamu ananyonya kila baada ya muda mfupi. Siku anapolala muda mrefu bila kunyonya, au homa inapomjia, sukari huisha na mafuta hayawaki. Hulegea, huweza kupata degedege, moyo hudhoofika, ini hujaa mafuta, na kifo huja kwa saa chache. Mwenye kumtazama huona mtoto aliyelala akafa.

Na ini la mama linaingiaje? Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Siku zote tumezoea kwamba ugonjwa hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hapa njia ni kinyume. Kondo la nyuma lina urithi ule ule wa mtoto. Mtoto akiwa na upungufu huu, kondo nalo linao. Mafuta yaliyokatwa nusu, yasiyomalizika kuungua, hurudi katika damu ya mama, na katika miezi ya mwisho ya mimba mwili wa mama wenyewe huwa unafungua mafuta kwa wingi. Mama huyu naye ana nusu tu ya uwezo wa kawaida, kwa sababu ni yeye na mumewe waliomrithisha mtoto ile hitilafu. Mzigo huzidi, na ini lake hujaa mafuta na kuanza kushindwa. Kwa hiyo huugua kwa kumbeba mtoto huyo, wala si kwa kosa alilolitenda. Mtoto akishazaliwa mzigo huondoka, na mama aliyewahiwa aghalabu hupona kabisa, ini likarudi kama lilivyokuwa.

Ugonjwa huu wa ini kujaa mafuta kwa ghafla katika mimba si mgeni vitabuni. Daktari Mwingereza Harold Sheehan aliueleza mwaka 1940. Lakini upungufu wa LCHAD kwa watoto ulitambuliwa mwaka 1989, na madaktari wa Uholanzi walioueleza waliuhusisha na vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Mwaka 1991 madaktari wa Australia walitoa habari za mama ambaye ugonjwa wa ini ulimrudia katika mimba mbili, na watoto wake walikuwa na hitilafu ya kuunguza mafuta. Mwaka 1999 daktari Jamal Ibdah na wenzake, huko Marekani, walichunguza familia zenye watoto wa namna hii. Wakaona kwamba kwa aina moja mashuhuri ya hitilafu hiyo, karibu mama wanne kati ya kila watano waliobeba mtoto mwenye ugonjwa waliugua ini lenye mafuta, au ndugu yake uitwao HELLP, ambao huvunja damu na kupunguza chembe zinazoigandisha.

Itazameni vizuri ile miaka, ndugu zangu. Sisi tulihukumu mwaka 1986. Wakati ule hapakuwa na daktari popote duniani ambaye angeweza kutueleza. Hilo laweza kuwa udhuru wa kutojua. Kutojua hakutupi udhuru wa kuhukumu.

Nisije nikawatia hofu isiyo na mahali. Ugonjwa huu ni adimu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza nzima mwaka 2005 hadi 2006 ulipata wanawake 57 tu, takriban mmoja katika kila uzazi 20,000. Kati ya hao 57 alifariki mmoja, ilhali miaka ya zamani wengi wa mama walioandikwa vitabuni walikufa. Kilichobadilika ni kutambuliwa mapema na kumzalisha mama bila kungoja, kwa kuwa hiyo ndiyo tiba. Tena si kila mama aliyeugua hivi ana mtoto mwenye upungufu; wengi watoto wao ni wazima. Na si kila manjano ya mimba ni ugonjwa huu: kuna homa za ini za virusi, na kuna nyongo kutopita vyema, ambayo dalili yake kubwa ni kuwashwa viganja na nyayo, hasa usiku. Zote ni za kupelekwa kwa daktari, wala hakuna ya kutazamwa nyumbani.

Sasa nirudi katika ukoo wetu. Mwaka 2017 mtoto wa mdogo wangu, aliyezaliwa katika ile ndoa ya pili, alimwoa hapa Uingereza mjukuu wa ami yetu mwingine. Tulikula pilau yao wengi wetu tuliomo ukumbini humu. Mwaka 2018 mkaza mwana wetu akiwa na mimba ya wiki thelathini na tano alianza kutapika na kunywa maji kupita kiasi. Alipofikishwa hospitali damu yake ilipimwa. Sukari ilikuwa chini, ini halifanyi kazi, damu haigandi inavyopasa. Madaktari hutumia orodha ya dalili na vipimo kumi na vinne, iliyotungwa mwaka 2002 na wataalamu wa Swansea, Wales. Zikipatikana sita au zaidi, na hakuna sababu nyingine, ugonjwa hushukiwa sana. Yeye alikuwa nazo zaidi ya sita. Akapasuliwa usiku ule ule, akapata mwana wa kiume, akalazwa katika wadi ya wagonjwa mahututi siku tisa.

Daktari aliwauliza wazazi wale vijana maswali mawili. Je, nyinyi ni ndugu wa damu? Wakajibu ndiyo. Je, katika familia yenu kumewahi kufa watoto wachanga, au mama kuugua ini katika mimba? Wakajibu hapana.

Hawakusema uwongo. Hawakuwa wakijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia.

Mdogo wangu alinipigia simu saa nane ya usiku. Aliponitajia manjano na kiu, nilikaa kitandani nikauona tena ule mtungi wa mwaka 1984. Nikamwambia: ndugu yangu, rudi ukawaambie habari za wale watoto wako wawili. Alinyamaza muda mrefu, kwa sababu mkewe na mwanawe hawakuwahi kusikia kwamba watoto hao walikuwepo. Kisha akaenda akasema.

Baadaye daktari alitueleza kwamba mtoto angepimwa kwa hali yoyote, kwa kuwa ugonjwa wa mama peke yake unatosha kuwa sababu ya kumpima. Lakini ile habari iliwafanya wasingojee majibu. Tangu saa zile za kwanza alipewa sukari kwa mshipa, na hakuachwa akae bila kulishwa. Majibu yaliporudi yalithibitisha upungufu wa LCHAD. Leo mtoto yule anasoma shule, na asubuhi hii mmemwona akikimbia hapo nje na wenzake. Chakula chake ni cha mafuta machache na hupimwa, hupewa mafuta maalumu ya mnyororo wa kati, halali muda mrefu bila kula, na akipata homa akashindwa kula hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Macho yake huangaliwa kila mwaka, kwa sababu ugonjwa huu huweza kuyadhuru taratibu. Si kazi nyepesi kwa wazazi wake, lakini yu hai.

Siwezi kuapa kwamba watoto wale wa 1984 na 1986 walikufa kwa jambo hili hili. Hakuna damu yao iliyohifadhiwa. Lakini mdogo wangu amepimwa na ameonekana kuwa mbebaji, na yule bibi wa kwanza alikubali kupimwa huko aliko, naye akaonekana kuwa mbebaji. Kwangu mimi yatosha.

Nieleze basi maana ya mbebaji. Sote tunaujua ugonjwa wa siko seli. Mtu mwenye upande mmoja ni mzima, na huenda asijue maisha yake yote. Wakikutana wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. LCHAD hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu kila mmoja wao alipooa na kuolewa nje, watoto wakawa wazima. Wala hapakuwa na nuksi iliyotoka wala kuingia.

Hapo tunafika kwenye ndoa za watoto wa ami na wa mjomba. Dini yetu imeziruhusu, nami nimezaliwa katika ndoa kama hizo, siji hapa kuzilaani. Lakini imeruhusu, haikulazimisha. Uchunguzi wa mji wa Bradford uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile ilikuwa kama asilimia 3 kwa wazazi wasio ndugu, na kama asilimia 6 kwa watoto wa ndugu. Maana yake wengi sana huzaa salama. Na maana yake pia, katika ukoo ambao hitilafu imekwisha kujulikana kama wetu, vijana wetu wanastahili kupimwa kabla ya kuchumbiana.

Naomba basi niwaachie nasaha nne.

Kwanza, kwa kina mama na waume zao. Mja mzito wa miezi ya mwisho anayeanza upya kutapika, mwenye maumivu chini ya chembe cha moyo au upande wa kulia wa juu wa tumbo, mwenye kiu kubwa, anayechanganyikiwa, au anayegeuka manjano, apelekwe hospitali siku hiyo, akaombewe kipimo cha damu cha ini. Manjano huja mwishoni, msiyangojee.

Pili, msidhani kila nchi huchunguza watoto sawasawa. Huko Marekani LCHAD imo katika orodha inayopendekezwa ya uchunguzi wa watoto wachanga. Hapa Uingereza mtoto huchomwa kisigino siku ya tano, lakini orodha ilipopanuliwa mwaka 2015 ugonjwa huu haukuingizwa. Kwetu Unguja na Mombasa mtoto kwa kawaida hurudi nyumbani bila kipimo cha namna hii. Kwa hiyo jibu zuri la kisigino halitoshi kwa ukoo wetu. Mwambieni mkunga tangu ziara ya kwanza: katika damu yetu umo upungufu wa LCHAD, tafadhali liandike hilo.

Tatu, msimtibu mtoto kwa kukisia. Tayari nimesikia kwamba kwa vile mafuta ya mnyororo wa kati hutengenezwa kutokana na nazi, basi tui la nazi ni dawa. Si kweli. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi si ya aina anayoihitaji, na mtoto mgonjwa aweza kudhurika. Nazi tuiache kwenye wali wetu. Chakula cha mtoto kipangwe na madaktari wake.

Nne, tuyaandike haya. Naiomba kamati ifungue daftari la afya ya ukoo, liwekwe na mtu mmoja mwaminifu aliye daktari, na asiandikwe mtu ila kwa ridhaa yake. Liandikwe nani alikufa mchanga, mwezi wa ngapi, na mama yake aliuguaje. Wazee, nyinyi ndio mnaokumbuka. Mkiondoka na kumbukumbu hizo, wajukuu wetu wataendelea kujibu hapana. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tumekwisha kulia mara mbili.

Nimalizie kwa lile nililoahidi kulirudia. Mwaka uliopita nilimpigia simu yule bibi, ambaye sasa ni nyanya wa wajukuu wengi. Nilimweleza yote haya, nikamwomba radhi kwa barua niliyoiandika. Aliniuliza jambo moja tu: kama binti yake aliumia alipokuwa akifa. Nikamjibu, kama nilivyojibiwa na daktari, kwamba sukari ikishuka kiasi kile mtoto huwa hana fahamu. Akanyamaza, kisha akasema: "Wasimulie, shemeji. Usinitaje jina, lakini wasimulie." Bado ananiita shemeji.

Nimefanya alivyoniagiza. Na mbele yenu, kwa niaba yangu na ya wale wazee waliokwisha tangulia, natamka kwamba binti yule hakuwa na kosa. Naomba wale watoto wawili waandikwe katika mti wa nasaba, mahali pao, chini ya baba yao na mama yao. Majina yao ninayo. Niliyaandika mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wao na wote waliotutangulia, atuhifadhie huyu tuliyebakishiwa, na atujaalie kusema kweli mapema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.